Nyumba na Ujirani: Pa Kutandika Jamvi

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuache kidogo mambo ya ndani ya nyumba, tutoke nje. Tusiende mbali. Tusimame pale mlangoni tu, tukitazame kile kipande cha ardhi kilicho kati ya nyumba yako na ya jirani yako, ambacho si chako wala si chake, ni chenu nyote. Je, kipande hicho kipo? Na kama kipo, chafaa kwa jambo gani, na nani anakiangalia?

Nimesukumwa kuandika haya na msiba. Miezi michache iliyopita nilikwenda kuhani katika makazi mapya ya maghorofa, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Majina nayaacha, kwa kuwa nia yangu si kumfedhehesha mtu. Marehemu alikuwa mzee mstaafu aliyehamia ghorofa ya tatu pamoja na mkewe ili wawe karibu na mtoto wao. Majengo yale ni mazuri, yamepakwa rangi, yana maji na umeme. Katikati yake pana bustani ya nyasi za kijani kibichi, imezungushiwa mnyororo, na kibao kimesimama pembeni kikisema: "Usikanyage Nyasi".

Waombolezaji tulizidi mia moja. Wanaume tulikaa katika maegesho ya magari, juu ya lami iliyokuwa ikirudisha joto la jua usoni mwetu, tukisogeza viti kila gari lilipotaka kupita. Akina mama walijaa ngazini tangu chini hadi ghorofa ya tatu, hata aliyetaka kupanda ili ampe mfiwa mkono wa pole alilazimika kuruka miguu ya wenzake. Chakula kilipikwa nyuma ya jengo, karibu na mashimo ya maji machafu. Jeneza lilipoteremshwa halikuwa na mahali pa kutulia. Liliwekwa juu ya meza, kati ya gari na gari. Na muda wote huo bustani ilikuwa pale, kijani, tupu, hatua kumi tu kutoka tulipokaa, na mlinzi amesimama kando yake.

Jioni ile mjane alisema neno ambalo halijanitoka moyoni. Alisema, "Wamemuaga mume wangu kama abiria wa basi."

Ndugu msomaji, kutokana na neno lile nina jambo moja tu la kukuambia leo. Uwanja wa pamoja hupimwa kwa siku ya msiba, na hutunzwa kwa siku za kawaida. Uwanja unaoweza kuubeba msiba utaibeba harusi, utabeba maulidi na kipaimara, mkutano wa mtaa, kikoba cha akina mama na mpira wa watoto. Usioweza kuubeba msiba ni pambo la macho tu.

WAZEE WETU WALILIJUA HILI

Jambo hili si geni kwetu. Atembeaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au vya Lamu ataona mbele ya nyumba nyingi mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta. Hizo ndizo baraza. Hapo mwenye nyumba hupokea mgeni asiyepaswa kuingia ndani, hapo watu hunywa kahawa, hucheza bao, husikilizana. Neno hilo likapanda cheo, hata leo tunasema Baraza la Mawaziri, kana kwamba kukaa pamoja nje ya mlango ndiyo shule ya kwanza ya uongozi.

Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni zilifuata mwendo huo huo: kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wa kupikia na kufulia. Mbele ya kibaraza palikuwa na barabara ya mchanga. Siku ya msiba turubai lilivutwa kutoka nyumba hii hadi ile ya ng'ambo, majamvi yakatandikwa, na mtaa mzima ukawa sebule moja. Bara nako, chini ya mwembe au mbuyu ndipo wazee walipoamua mashauri na ndipo vijana walipofundwa.

Tena ukubwa wa mahali si hoja peke yake. Pale Mji Mkongwe pana njia panda ndogo iitwayo Jaws Corner. Ni makutano ya vichochoro tu, yenye mabenchi na birika la kahawa. Lakini watu hukaa hapo wakajadili siasa, mpira na habari za dunia. Panapendwa kwa sababu pana kivuli, pana pa kukalia, pana kinywaji cha bei ndogo, na kila apitaye hana budi kupita hapo. Mambo hayo manne yashike vizuri, tutayarejea.

MARADHI MAWILI YA MITAA MIPYA

Miji yetu imekua kwa kasi. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja katika Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, vingi vikiwa vya mita 12 kwa 24, pamoja na barabara, maji na maeneo ya wazi. Mwaka 2002 ukaanza mradi wa viwanja 20,000 katika pembe za Dar es Salaam, kama Bunju na Kibada. Siku hizi maghorofa yanaota hata mahali palipokuwa na nyumba za chini. Magomeni Kota, iliyozinduliwa mwaka 2022, ni makazi ya familia 644. Tukikisia watu watano tu kwa kila familia, hao ni zaidi ya watu 3,200 katika eneo moja. Ni sawa na kijiji kizima kilichosimamishwa wima. Nako Dodoma, tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo mwaka 2016, mitaa inapimwa palipokuwa mashamba na vichaka.

Katika mitaa ya namna hii nimeona maradhi mawili. La kwanza ni lile la nyasi zisizokanyagwa: mchoraji hupaka rangi ya kijani katikati ya ramani, mwenye mradi hupanda maua ili picha ipendeze, na wakazi huambiwa watazame.

Maradhi ya pili ni ya viwanja vilivyopimwa, nayo huua polepole. Ramani huonyesha "eneo la wazi", lakini hakuna aliyekabidhiwa. Mwaka wa kwanza watoto hucheza mpira. Mwaka wa pili mtu mmoja hushusha tripu mbili za mchanga wake, akaomba aziweke kwa muda. Kisha huja kibanda cha soda, kisha karakana ya kuchomelea vyuma, kisha uzio wa mabati, na siku moja huzuka mtu mwenye karatasi asemaye kwamba kiwanja ni chake. Wakazi hupiga kelele wakati msingi umekwisha kuchimbwa. Waliokuwa watoto mwaka wa kwanza sasa ni vijana, nao wamehamia barabarani.

Maradhi yote mawili yana chanzo kimoja: uwanja ulitengwa kabla ya kuamuliwa utafanya kazi gani na nani atakuwa mlezi wake.

PIMA KWA SIKU YA MSIBA

Basi tuanze na kipimo. Mtu aliyeketi juu ya kiti cha plastiki, pamoja na nafasi ya kupitisha miguu, huhitaji kiasi cha mita moja ya mraba. Watu 200 wahitaji mita 200 za mraba. Ongeza mahali pa jeneza na pa watu kulizunguka, mahali pa mafiga na masufuria makubwa, na njia ya gari. Utafika kiasi cha mita 400 za mraba, yaani mita 20 kwa 20. Hiyo haifiki hata kiwanja kimoja na nusu cha vile vya Sinza nilivyovitaja. Kwa mtaa wa nyumba hamsini au sitini, nani atasema hiyo ni ardhi nyingi mno?

Ikiwa wakazi ni wengi zaidi, usiwape uwanja mmoja mkubwa wa mbali. Wape viwanja kadhaa vya kadiri, kila kimoja karibu na majengo yake. Mama mwenye mtoto mchanga na mzee mwenye mkongojo hawaendi mbali kutafuta hewa. Uwanja wa mbali huishia mikononi mwa wenye miguu yenye nguvu, na usiku huwa wa wahuni.

Umbo nalo lina neno. Wapimaji wengine hutenga kwa ajili ya watu wote yale mabaki tu: bonde lisilojengeka, ukanda chini ya nyaya za umeme mkubwa, au kipande chembamba kando ya ukuta. Mabaki hayatandikiki jamvi. Uwanja uwe na umbo la kukaribia mraba, uwe mahali ambapo watu wote hupita waendapo dukani au ngazini, na milango na madirisha yautazame. Jicho la mama jikoni ni mlinzi asiyelipwa mshahara. Lakini usibanwe na madirisha ya vyumba vya kulala, kwani wapo wagonjwa, na wapo wafanyao kazi za zamu.

Ardhi ya uwanja iwe na mteremko mdogo, kiasi cha sentimita mbili kwa kila mita, ili maji ya mvua yaelekee mferejini. Maji yakituama kwa juma moja au mawili yatosha mbu kutaga, kukua na kuruka. Sakafu ya saruji tupu huwaka moto mchana na humwaga maji yote mtaani. Kokoto laini iliyoshindiliwa, au matofali ya kutandaza juu ya mchanga, huliacha tone lizame. Nyasi ni nzuri, mradi ziwe zile za kukanyagwa, kama ukoka wetu, unaolala na kuamka.

KIVULI KWANZA

Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuweka uwanjani, nitachagua mti. Bembea bila kivuli huunguza mapaja ya watoto; benchi bila kivuli hukaliwa na kunguru.

Mti wenyewe uchaguliwe kwa akili. Ipo ile miti mirefu, myembamba kama penseli, ambayo watu huiita miashoki. Imejaa katika makazi mapya kwa sababu huota haraka na kupendeza getini. Kivuli chake hakitoshi hata kuku na vifaranga vyake. Mnazi ni mti wa heshima, lakini nazi ikianguka haiulizi nani amekaa chini. Mizizi ya mkuyu huvunja mabomba na kuta. Bora mwarobaini na mjohoro, ambayo huvumilia ukame. Bora mkungu katika pwani, unaotandaza matawi yake kama meza. Bora mwembe, kama mko tayari kugombana na watoto wakati wa maembe.

Jua la kuwaogopa wakaao barazani ni lile la alasiri, kwa hiyo miti iwe mingi upande wa magharibi. Katika pwani, usijenge ukuta mrefu upande wa mashariki, kwani pepo zetu zote mbili zina mkono huko: kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Ukizizuia utakaa katika tanuri. Dodoma mambo ni kinyume; upepo wa mashariki ni mkavu na huja na vumbi, hivyo safu ya miti upande huo ni kinga. Huko mvua ni ya msimu mmoja, tangu mwezi Desemba hadi Aprili hivi, basi miche ipandwe mvua inapoanza, isipandwe siku ya sherehe ambapo kiongozi amepata nafasi.

Shimo liwe la sentimita 60 kwa upana na kina, lichanganywe samadi iliyooza, na kati ya mti na mti ziachwe mita 8 hadi 10. Mche uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi. Halafu, na hapa ndipo wengi hushindwa, umwagiliwe ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa juma, kiangazi cha kwanza na cha pili. Mti huhitaji miaka kadhaa kabla ya kumfunika mtu; katika kungoja, jengeni banda la makuti au la bati, lililo wazi pande zote.

KILA MTU NA KONA YAKE

Uwanja ni kama nyumba: usipogawa vyumba, mwenye nguvu atatwaa vyote. Nimeviona viwanja vingi ambavyo asubuhi ni vya wacheza bao, jioni ni vya vijana wa mpira, na akina mama na mabinti hawana saa yao. Wakiulizwa, wanaume husema, "Mbona hawaji?" Waje wakae wapi?

Kwa hiyo pawe na kona za wazi kwa kila mmoja. Watoto wadogo wawe karibu na mahali akina mama wanapokaa, na mchanga safi wa kuchezea. Mpira uwe upande wa mbali, ili usimpige bibi wala usimwage kahawa. Pawe na jukwaa pana, lililoinuliwa kidogo na kusakafiwa, la kutandika mikeka. Hapo kikoba kitakutana, hapo shuka za msiba zitatandikwa, na hapo mabinti watasuka nywele bila kusumbuliwa.

Baraza za kukalia ziwe na kimo cha sentimita 45 hivi, na upana wa kutosha mtu kukunja miguu. Zisipangwe katika mstari mmoja kama viti vya zahanati. Zipangwe zitazamane, au ziwe kama herufi L, ili watu wazungumze bila kupinda shingo. Baadhi ziwe na egemeo na mahali pa kushikia, kwa wazee wainukao kwa taabu. Penye kipandio pawe pia na mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Mteremko huo huo ndio utakaopitisha jeneza bila wabebaji kujikwaa.

Pawe na bomba la maji lenye kufuli, choo kinachofungika, taa moja au mbili, na kona ya kupikia upande ambao moshi hauwafuati waliokaa. Kahawa, kashata na mihogo ya kukaanga isifukuzwe. Ipewe mahali pake na masharti yake. Bustani ya Forodhani, Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, haikuwafukuza wauza vyakula wa jioni. Walitengewa sehemu yao. Watu wa familia wangeendaje Forodhani kama pasingekuwa na urojo na mishikaki?

MWENYE UWANJA NI NANI?

Sasa tufike kwenye kiini. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa uwanja ni swali hili la mwenyewe.

Kwa wakaao katika viwanja vilivyopimwa, jambo la kwanza ni kwenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri na kuiona ramani iliyoidhinishwa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kubadili matumizi ya ardhi kwa utashi wake. Kila badiliko lina utaratibu. Wakazi wajue mipaka ya uwanja wao, walione kila jiwe la mpaka kwa macho, na wapande ua wa miti kuufuata mpaka huo. Jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano mkuu wa mtaa. Mvamizi huogopa karatasi kuliko kelele.

Kwa wakaao katika maghorofa ambayo kila mtu amenunua sehemu yake, ipo sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo. Sheria hiyo inatambua kwamba ngazi, njia na uwanja ni mali ya pamoja, na kwamba wenye sehemu huwa na umoja wao wa kuisimamia mali hiyo na kuichangia. Wengi wetu hununua nyumba tukauliza habari za vigae na makabati ya jikoni; hatuulizi umoja utaundwa lini, wala uwanja utaruhusu nini. Muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha: "Siku nikifiwa, watu wangu watakaa wapi?" Akikosa jibu, umeijua nyumba.

Na hapa niseme wazi, ingawa gazeti hili ni la Chama. Mabalozi wa nyumba kumi wamefanya kazi kubwa ya kuwaunganisha majirani tangu enzi za TANU. Lakini tangu mwaka 1992 nchi yetu ni ya vyama vingi, na uwanja wa mtaa ni wa wakazi wote. Msiba hauulizi kadi. Kamati ya uwanja ichaguliwe na wakazi kwa uaminifu wa mtu, na ndani yake wawemo akina mama, kijana mmoja, na mpangaji pia. Maana mpangaji naye hufiwa.

FAGIO NA DAFTARI

Uwanja hujengwa mara moja, lakini hufagiliwa kila siku. Wenye miradi hutenga fedha nyingi kwa siku ya uzinduzi, wala hawatengi hata ya kununulia fagio la mwaka wa pili.

Matunzo yanataka mambo mawili: zamu na fedha. Zamu ipangwe kwa nyumba, ibandikwe ubaoni. Kila siku kufagia na kuondoa takataka. Kila juma kuangalia taa, bomba na mferejini. Kila mwezi kazi ya pamoja, ule msaragambo wa wazee. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tangu mwaka 2016 imetajwa kuwa siku ya usafi nchini, yafaa sana kwa kazi hiyo. Kabla ya masika, mifereji izibuliwe na matawi makavu yakatwe. Baada ya masika, mashimo yafukiwe na bembea zikaguliwe. Mnyororo uliolika hauogopi uzito wa mtoto wa nani.

Fedha nazo zisiwe za kuumiza. Tuseme nyumba 60 zinachanga shilingi 2,000 kila moja kwa mwezi: hizo ni shilingi 120,000, zinazotosha kumpa kijana wa mtaa posho ya kumwagilia miti, na kununua balbu na fagio. Daftari liwe moja, mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Michango mingi hufa kwa sababu ya daftari lisilosomwa, hata pale ambapo hakuna aliyeiba senti.

Kanuni ziwe chache. Mwenye harusi aweke amana, arudishiwe uwanja ukiisha kusafishwa. Muziki uwe na saa ya kuzimwa. Gari lisiegeshwe hapo. Mchanga na kokoto za mtu zisishushwe hapo hata kwa siku moja, kwa maana tumekwisha kuona siku moja huzaa nini. Na kanuni ya mwisho, ambayo ningependa iandikwe kwa herufi kubwa: msiba haulipiwi.

Nimalizie pale nilipoanzia. Siku ya arobaini ya yule mzee nilirudi katika makazi yale. Wakazi walikuwa wamekutana na kumwandikia barua mwenye mradi, wote wakatia saini. Nilikuta mnyororo umefunguliwa upande mmoja, kibao kimeegemezwa ukutani, na mikeka imetandikwa juu ya nyasi. Mlinzi yule yule ndiye aliyekuwa akibeba viti. Mjane alikuwa ameketi katikati ya wenzake, ameegemea bega la jirani ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, hakulijua hata jina lake kabla ya msiba.

Lakini sikuficha macho yangu. Upande wa magharibi walikuwa wamepanda miarobaini mitatu, kwa shangwe na picha. Miwili ilikuwa imeshika. Wa tatu ulikuwa umekauka, majani yake yamekuwa kahawia. Niliuliza nani alikuwa na zamu ya kumwagilia. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Basi, ndugu msomaji, leo jioni jua likipoa, toka nje. Kitazame kile kipande cha ardhi. Kihesabu kwa hatua zako, uone kama hatua ishirini kwa ishirini zinaenea. Kisha gonga mlango wa jirani, umuulize zamu ya kesho ni ya nani. Ikiwa hakuna ajuaye, anza wewe na fagio lako.

Tukutane tena Jumapili ijayo, panapo majaliwa.